Siku Nilipofunga Soko la Mweso kwa Sufuria ya Maharagi

Mpaka leo nikipita Mweso kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye akiniona anavuta kikapu chake karibu na miguu, halafu ananiuliza kwa upole kama leo ninapika, na wenzake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nimeshazoea, na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwao, maana wale wanaongeza chumvi (wanasema nilikimbia bila suruali, jambo ambalo si kweli, suruali ilikuwepo, ilichanika tu).

Ilikuwa wakati wa vita, na sitaji ni vita gani kwa sababu kwetu moja haijaisha kusimuliwa nyingine imeshaanza. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja kidogo palepale Mweso, mimi mtoto wa Itebero, yaani wa msituni Walikale, na wenzangu karibu wote walikuwa watoto wa vilima vya Masisi, wanajuana tangu ubatizo. Waliniita Mutu wa Pori. Hawakuwa na ubaya, lakini ukiitwa hivyo kila asubuhi unajifunza kutouliza kitu, kwa sababu kila swali unalouliza linathibitisha jina. Sikuuliza maji ya kunywa yanachotwa wapi, nikanywa ya kufulia (tumbo likanipa jibu). Usingizi nao ulikuwa umenihama tangu niondoke nyumbani, mlango ukibamizwa naruka kitandani, na hilo pia sikumwambia mtu.

Sasa muhula ule, tukiwa katikati ya mtihani, risasi zikalia upande wa juu, na baadhi yetu tukatoka mbio. Waliobaki walimaliza karatasi zao, sisi tuliotoka tukapewa sifuri, na mkuu wa masomo, tuliyemwita Papa Sekreteri, mzee mrefu wa miwani ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka, akatangaza mbele ya wote: "Vita haiko sababu. Miye nilisoma mu vita, na niko hapa." Sifuri ile ilikuwa na maana ya kurudia mwaka, na mimi sikuwa na mwaka wa kurudia, baba alikuwa ameshauza mbuzi wote, na barabara ya kwenda nyumbani wakati ule watu walikuwa wanaikimbia, si kuirudia. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika roho mkononi, huku nikimwambia kila aliyeniuliza kwamba siku ile nilitoka kwa ajili ya malaria.

Wanafunzi wakaomba kikao na wakubwa wa chuo pamoja na wazazi, kuomba kwamba waliokimbia wafanye mtihani tena. Neema, msichana wa palepale Mweso aliyekuwa mkuu wa darasa letu, akanichagua mimi niseme.

"Weye unasemaka polepole," akaniambia, "unaonekana kama mutu hana woga. Utasema juu yetu benye tulikimbia."

"Miye sikukimbia, dada. Nilikuwa na malaria."

Akaniangalia kidogo. "Sawa. Basi utasema juu ya wengine."

Kwetu huombi kitu kwa mkubwa mwenye njaa, kwa hiyo tuliandaa sufuria kubwa ya maharagi na viazi katika jiko la nyuma ya ukumbi, na mimi (kwa kutafuta kupendwa, niseme tu) nilijitolea kukaa nayo. Makala, yaani mkaa wa kupikia, yakawa hayakufika, barabara ya Kitshanga ilifungwa asubuhi ile, Neema akaenda kwa shangazi yake kutafuta kuni. Mimi nikabaki nikiangalia moto unakufa. Nyuma ya jiko palikuwa na mianzi mibichi iliyokatwa kwa ajili ya kutengeneza uzio, imepangwa vizuri, inaning'aria. Ningeweza kumwita Neema, alikuwa bado anaonekana njiani. Lakini nikasema moyoni, mtoto wa msituni aulize namna ya kuwasha moto, si watanicheka mpaka nimalize masomo? Ukuni ni ukuni. Nikaisukuma mianzi mizimamizima chini ya sufuria, nikapuliza, moshi ukanitoa machozi, moto ukakubali, nikaenda kuvaa koti la kuazima nikiwa nimeridhika sana na akili yangu.

Ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe mpaka chini, wakubwa wamekaa na vikombe vya chai, na kati ya wazazi alikuwepo Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka karibu na soko. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mtu mkubwa, nikaanza: "Wapapa na wamama, kuna wanafunzi fulani, siyo sisi wote, wenye wakisikia sauti ya..."

Jiko likajibu. Mara moja kwanza, pa, kavu kabisa, halafu mbili pamoja, halafu mfululizo kama mtu amemwaga sanduku zima la risasi.

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka nilipiga kelele "Mulale chini," na suruali ikalalamika huko nyuma, kisha nikawa chini ya meza, nimejifunika kitambaa, na chai ya mtu ikinitiririka shingoni. Nje nilisikia viti vinaanguka, wazazi wanatoka kwa madirisha, Papa Kambale anapiga kelele wafunge duka, wafunge. Halafu sauti ya soko zima likikimbia, ambayo kama hujawahi kuisikia siwezi kukueleza, ni miguu mingi na hakuna maneno.

"Songa kidogo," sauti ikasema kando yangu. "Unakamata nafasi yote."

Alikuwa Papa Sekreteri. Alikuwa amefika kabla yangu. Miwani ilikuwa imemtoka, na bado alishika kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu, chai imemmwagikia kifuani. Nikasonga. Tukakaa hivyo magoti kwa magoti, na sijui ni nini kilinifungua mdomo, labda niliona tunakufa.

"Papa, siku ile sikukuwa na malaria."

"Najua," akasema. "Nilikuona unatoka. Miye pia nilitaka kutoka. Nilikamata tu meza."

Milio ikanyamaza. Tukasikia hatua za mtu mmoja, hazina haraka, kisha kitambaa kikainuliwa na Neema akatuchungulia, mzigo wa kuni mgongoni.

"Nani aliweka mianzi mizima mu moto?"

Papa Sekreteri akaninyooshea kikombe.

"Mianzi unaipasuaka kwanza, upepo itoke. Ukiiweka nzima inalia kama bunduki. Hata mutoto wa hapa anajua." Akatua mzigo. "Ah. Weye hauko wa hapa."

Papa Sekreteri akatafuta miwani yake, akaivaa, akaniambia niende nikawaambie watu kabla hawajafika mbali. Nikajifunga kile kitambaa cheupe kiunoni, kwa sababu ya suruali, nikakimbia barabarani ambako watu walikuwa wanapanda na magodoro kichwani, nikasimama juu ya kreti nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba hakuna vita, ni maharagi.

"Maharagi gani inalia vile?" Papa Kambale akauliza, ufunguo mkononi.

"Ni mianzi, Papa. Niliipikia. Miye niko wa Itebero, kwetu tunapikiaka miti ya pori. Sikujua, na sikuuliza."

Halafu mama wa ndizi akaweka kikapu chini, akasema: "Nimeshakimbia juu ya mingi. Juu ya maharagi, leo njo mara ya kwanza." Kicheko kikaanzia kwake kikapita soko lote, wengine wakicheka huku wanajifuta machozi, na nadhani hayakuwa yote ya kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza, nikarudi ukumbini.

Wazazi waliobaki walikuwa wameinua viti. Papa Sekreteri alikuwa amesimama mbele, ana doa la chai kifuani. "Benye walikimbia siku ya examen," akasema, "wasimame."

Nikasimama mimi wa kwanza, nimeshika kitambaa changu. Neema akasimama. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka nikaona watu ambao sikuwahi kuwadhania. Nikangoja Papa Sekreteri akae ili atuhesabu vizuri. Hakukaa. Alibaki amesimama pamoja nasi, kama mmoja wa waliokimbia, kisha akasema tutafanya mtihani tena, na tukaenda kula maharagi yaliyonuka moshi.

Nimeapa siwashi moto wa watu bila kuuliza. Nikifika pageni nauliza maji, nauliza choo, nauliza kuni, wanicheke wakitaka. Siku hizi nasimamia mitihani mimi mwenyewe, na kabla ya kugawa karatasi nawaonyesha wanafunzi meza yangu, nawaambia chini yake kuna nafasi ya watu wawili, ila mmoja wao ni mimi.