Helmeti ya Kichwa Chenye Nywele

Mdogo wangu hakufa angani. Naanza na hilo kwa sababu msibani watu walinong'onezana kwamba ameuawa na parachuti, na waliposikia kwamba alianguka dukani kwake Chamazi, amekaa kwenye stuli anakula wali maharage, nilimwona mama mmoja akisikitika upya, kana kwamba amepunjwa. Presha, daktari alisema. Kijana anayeuza soketi na nyaya za umeme, hata kitambi hajaanza kuota, presha.

Parachuti lilikuwa wazo lake. Tulikuwa tumeruka pamoja mara moja, huko pwani ya Kenya, kila mmoja kafungwa kifuani kwa mwalimu wake kama mtoto kwenye mbeleko, mimi nikipiga kelele njia nzima na yeye akinicheka mpaka mchangani. Kabla hata hajajifuta mchanga alisema lazima turudi tujifunze kuruka wenyewe. Tukajiandikisha mafunzo. Mama yetu, ambaye anaishi kwetu milimani, alipoambiwa kwa simu aliuliza, "Kwani huku chini mmekosa nafasi?" Mdogo wangu akasema cha kwanza ni helmeti zetu wenyewe, maana zile za kuazima zimejaa majasho ya watalii. Tukakubaliana kwenda kuzichagua mwisho wa wiki. Wiki ile ndiyo aliyofariki.

Kwetu, marehemu akishazikwa, ndugu zake wa damu hunyolewa. Shangazi alininyoa kwa wembe nyuma ya jiko, maji ya baridi yakinitiririka shingoni, na mimi nikitazama kuku. Nilikuwa nasubiri uchungu uje. Wenzangu walilia vizuri, kwa sauti, na mama alikuwa ameshikiliwa huku na huku asianguke. Mimi nilikuwa nawaza kama nilifunga mtungi wa gesi kule kwangu Boko, Dar. Kunyolewa ni mara moja tu. Nywele zikianza kuota hakuna wa kukuuliza. Unarudi kazini, unasuka, unacheka ukichekeshwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Nilirudi Boko, nywele zikaanza kuota, nikaenda kwa kinyozi akazitoa. Wiki iliyofuata nikaenda tena. Ikawa ndiyo ratiba yangu ya Jumamosi. Kinyozi yule hufungulia singeli mpaka vioo vinatetemeka, lakini akiniona mlangoni anapunguza sauti.

"Sista, leo tena? Hapa hamna kitu, nanyoa hewa."

"Nyoa hiyo hiyo hewa."

Ofisini kwetu, Kinondoni, walisema nimependeza, nimekuwa mtu wa fasheni. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili akitoka kanisani, na kila mara alimalizia na swali moja: nywele zimefika wapi? Nilimjibu zinaota. Na kweli zilikuwa zinaota, ila mimi nilikuwa nazirudisha.

Watu wakisikia hivi hudhani nilikuwa na huzuni kubwa. Huzuni ningeitambua. Hii ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno, unajing'ata shavu na unachosikia ni mlio tu. Nilikula, nililala, nilipeleka ripoti kwa bosi kwa wakati. Nilijua tu kwamba siku nikiacha kunyoa, msiba utakuwa umekwisha, na mimi sijaulilia hata kidogo. Sikutaka uishe kabla haujanifikia.

Kisha wale watu wa mafunzo wakanitumia ujumbe kukumbusha kwamba msimu unakaribia, na kwamba atakayeleta helmeti yake ahakikishe inambana sawasawa. Ningeweza kujitoa. Lakini kujitoa kungenilazimu kumpigia mtu simu na kumweleza kwa nini wawili tumekuwa mmoja, na hiyo kazi sikuiweza. Nikaona heri ninunue helmeti.

Nilielekezwa kwa mama mmoja wa Kihindi, hapo hapo Kinondoni, aliyewahi kuruka miaka mingi mpaka goti likamkatalia, ambaye sasa huagiza vifaa na kuviuza sebuleni kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha chai ya maziwa yenye iliki. Alikuwa amevaa nyeusi juu mpaka chini.

"Pole, mama. Mmefiwa?" nikamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Hii ni miezi yetu ya maombolezo, sisi Mashia. Kila mwaka tunavaa." Akaniangalia kichwa. "Ikiisha, tunavua. Wewe je, umefiwa?"

"Mdogo wangu."

"Pole sana. Lini?"

Nilipomwambia lini, aliangalia tena kichwa changu, namna kilivyong'aa. Akaenda kuleta helmeti.

Alizipanga kwenye kochi. Mdogo wangu alikuwa ametaka ya rangi ya chungwa, ili nimwone kirahisi kule juu. Ya rangi ya chungwa ilikuwepo. Nilichukua ya kijivu kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Ilikuwa ile inayofunika uso mzima, yenye kioo mbele. Ikaingia bila taabu.

"Tikisa kichwa," akasema.

Nikatikisa. Kichwa kilienda kulia, helmeti ikabaki kunitazama kushoto. Akaweka viganja vyake huku na huku, akaizungusha, na pua yangu ikajikuta upande wa sikio la helmeti.

"Hii kubwa. Jaribu ndogo yake."

"Nitaiwekea sponji," nikasema. Na nilimaanisha. Mimi na mdogo wangu tumekua kwa viatu vya kukulia. Mama alinunua vikubwa, akasokota magazeti, akasindilia mbele, na kufikia vidole vinagusa mwisho kiatu chenyewe kimeshacheka. Shati la shule la kukulia, koti la kipaimara la kukulia. Kwetu kumnunulia mtu kitu kinachomkaa leo ni israfu. Sikuwahi kufikiri kuna kitu kinachonunuliwa vingine.

Yule mama alicheka mpaka bangili zikalia. "Mwanangu, juu kule hakuna kukulia! Ikicheza, upepo unaigeuza huoni kitu. Vaa hii."

Ndogo ilinibana mashavu mpaka midomo ikachomoza. Nilipotikisa kichwa, ngozi ya paji la uso ilienda pamoja nayo. Akaridhika. Halafu akakaa, akaninywesha chai yangu kwa macho, na kuniuliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho.

"Siku ya kuruka, utaruka na kichwa gani?"

Mkono wangu ukaenda kichwani, ukagonga helmeti.

"Ukiruka na hiki kipara, chukua ndogo, na uendelee kunyoa, maana nywele zikijaa haitaingia. Ukiruka na nywele, suka mistari ya kulala, ya kurudi nyuma, uchukue ile kubwa. Mimi nauza zote. Lakini lazima uchague."

Ningependa kuandika kwamba niliamua jambo. Sikuamua. Nilivua ndogo, nikaiweka kwenye kochi, nikachukua ile kubwa ya kijivu. Yule mama akaifunga kwenye kitambaa na kunisindikiza mpaka getini, akishika kiwiko changu kama cha mgonjwa. Sikuhisi kitu.

Niliiweka juu ya kabati. Jumamosi ikafika, sikwenda kwa kinyozi. Nilikaa kitandani na kujishika kichwa, nikaogopa. Jumamosi nyingine nikafika mpaka mlangoni kwake, singeli ikapungua, nikageuka. Nywele zikatoka kama mchanga, kisha kama zulia la gari. Nilikuwa nikivaa helmeti asubuhi kabla ya kazi na kutikisa kichwa mbele ya kioo. Ikicheza, nilipata nafuu, nikaendelea na siku yangu. Bado, nilikuwa najiambia. Bado yupo.

Nywele ziliposhikika, jirani alinisuka mistari, minene, ya kurudi nyuma. Ile Jumapili nikavaa helmeti. Ikakwama kidogo kwenye masikio, ikashuka. Nikatikisa kichwa kulia, kushoto, kwa nguvu. Haikucheza hata kidogo. Nilisimama hapo nikisikia pumzi yangu mwenyewe, na simu ikaita. Mama. Nikainua kioo, nikaweka spika.

Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe, tukaongea baba na mgongo wake. Mwishoni akauliza, kama kawaida, nywele zimefika wapi.

"Zimejaa, mama. Nimesuka."

Ndipo uchungu ukanifikia, wote kwa pamoja, nikakaa chini sakafuni na helmeti yangu kichwani nikilia kwa sauti kama walivyolia wenzangu, na nikamsikia naye analia.

"Afadhali wewe," akasema. "Mimi bado nanyoa. Najifunga kitambaa, baba yako asione."