Vidonge Viwili Kabla ya Kupimwa Goti

Nyinyi wajukuu mtakaosoma hii, na rafiki zenu mnaoazimana vidonge kama chumvi, tulieni kidogo. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne basi, lakini goti hili ni langu na habari zake nazijua.

Siku ninayoikumbuka, maduka ya dawa baridi ndiyo kwanza yamefunguliwa huku Newala, na kila mtu anajitibu mwenyewe. Nilikuwa mke kijana hapa Makote. Goti la kulia liliniuma kila niliposhuka bondeni kuchota maji. Kupanda nilijikaza, kushuka ndiko kulikonishinda.

Mama mkwe hakuamini. "Mama Somoe, goti lako lina akili. Kwenye ngoma kimya, likiona bonde linalia." Akasema tutakwenda zahanati pamoja, na tabibu asipoona kitu, nitashuka bondeni mara mbili kwa siku badala ya moja.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoharibu. Kwa ujana wangu, niliona haya majirani wanione nachechemea. Nikameza vidonge viwili vya maumivu, nikatembea wima mpaka zahanati.

Tabibu alikuwa mzee mpole. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nipandishe kanga. Alitazama magoti yote mawili, lililo zima kwanza. Akaweka kiganja kusikia kama lina joto, akatafuta uvimbe, akaisukuma pia ya goti huku na huku.

"Chuchumaa. Inuka. Simama kwa mguu mmoja."

Nikafanya yote.

"Panauma wapi?"

"Sasa hivi hapaumi."

Mama mkwe akacheka. "Si nilisema?"

Tabibu akanitazama. "Mama Somoe, leo umemeza nini?"

Nikamwambia.

"Umelificha goti, halafu umekuja nilitafute. Kesho njoo bila dawa."

Kesho yake nilichechemea njia nzima, kila nyumba napewa pole. Tabibu akanishusha ngazi za baraza polepole. Ya pili tu, nikashika nguzo. Akanilaza, akaibana pia ya goti kwa mkono, akaniambia nikaze paja. Nikashtuka kwa maumivu.

"Ni hapa," akamwambia mama mkwe. "Akishuka mlima, uzito wote unaikandamiza pia ya goti. Kwa sasa asishuke bondeni, na kila siku akaze paja kama nitakavyomwonyesha."

Tulipofika nyumbani mama mkwe alichukua ndoo yangu, akashuka mwenyewe.

Basi wanangu, anayekupima anaona kile unachomwonyesha. Nenda na maumivu yako kama yalivyo. Sema yalianza lini, yanazidi ukifanya nini, na umeshatumia dawa gani. Haya zako ziache nyumbani. Mungu awape miguu ya kufika mbali, na kinywa kisichomficha tabibu kitu.

Kwangu amri niliitoa siku ile ile na sijaifuta: anayekwenda kupimwa kiungo kinachouma hamezi kidonge cha maumivu asubuhi hiyo, na achechemee mpaka mlangoni kwa tabibu.