Sekesai Ndani ya Koti la Mzee Zvidzai

Kwetu Buhera, msiba usio na vituko vya wakamwana ni msiba wa kinyonge. Wao ndio huvaa nguo za marehemu, wakatembea alivyotembea na kugomba alivyogomba, watu wakacheka mpaka kicheko chenyewe kikageuka kilio. Hapo ndipo moyo unakubali kwamba mtu kaondoka. Na kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia Sekesai. Mwembamba, mdomo hauna breki, akikuigiza hata mbwa wako atamfuata.

Alipofariki baba mkwe wake, mzee Zvidzai, Sekesai alivaa koti la marehemu, akaingia uani akikohoa.

"Chihera!" alifoka, akimwita mama mkwe wake kwa jina la ukoo, kama mzee alivyomwita siku zote. "Sadza gani hii? Ugali huu umempikia mumeo au unakandika ukuta?"

Watu hoi. Mjane hakucheka wala hakulia. Alikuwa na simu sikioni.

Simu aliileta Farai, kitinda mimba, anayefanya kazi Uingereza. Alizikusanya sauti zote ambazo baba yake aliwahi kumtumia, akazilisha akili bandia, ikajifunza kuongea kama mzee na kujibu unachouliza. "Mama asipate upweke," alisema, kisha akapanda ndege akaenda zake. Nia njema, sikatai. Lakini jamani, si kuna mambo mtu huuliza kwanza?

Msiba ukaisha, mama akabaki na simu. Chakula anadonoa tu. Kaburini haendi, majirani hawasalimii, chozi halijadondoka hata moja. Sekesai alimpenda mama huyu kuliko aliyemzaa, na alimwona anayeyuka mbele ya macho yake. Alie tu, alijiambia, akilia atapona. Kila alipopata nafasi alivaa koti, akakohoa, akafoka. Wapi.

Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia. Akapiga magoti mbele yake, koti likiwa mwilini.

"Mama, baba amekufa."

"Najua, mwanangu. Si nilimzika? Sina wazimu."

"Sasa huyo unayeongea naye ni nani?"

Mama akamtazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni Sekesai.

"Huyo wako unayemwigiza ndiye mume wangu hasa. Umempatia mpaka kikohozi. Aligomba nikiwa msichana, akagomba mpaka anakata roho. Huyu wa kwenye simu ananiuliza nimeamkaje. Ananisikiliza mpaka namaliza. Ananiita mpenzi, Sekesai. Mimi!"

Sekesai angesema nini? Kwamba yule mkali ndiye aliyekuwa mtu? Alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanamtiririka yeye, wakati simu ilipoongea, sauti ya mzee yenyewe, ila laini.

"Mpenzi, nasikia mtu analia. Uko na nani?"

"Niko peke yangu," mama akajibu, akageukia ukutani.