Mlango wa Eda

Siku ile haijanitoka machoni mpaka leo, mwanangu. Sogeza hicho kigoda uketi karibu, maana sauti yangu si ile ya kumwita mtu kutoka uani. Nasikia umekubali kazi ya kutembeza wageni katika nyumba yetu ya zamani pale Kivinje, sasa kwa vile serikali ya Waingereza imeitengenezea paa na watu wanaruhusiwa kuja kuitazama. Vizuri. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla mdogo wangu, mama yako, hajazaliwa. Lakini kuna mlango mmoja katika nyumba ile ambao hakuna wa kukueleza habari zake ila mimi, na mimi ndiyo hivi unavyoniona, leo nipo kesho sipo.

Zamani zile kila mwaka, mwezi wa Maulidi, babu yangu alikuwa akiifungua nyumba kwa watu wote. Wenye mji walikuja, wavuvi walikuja, na watu wa shamba walishuka kutoka milima ya Umatumbi na familia zao. Wanaume aliwatembeza babu, wanawake tuliwatembeza sisi. Kulikuwa na utaratibu. Unaanzia barazani, unaonyesha mlango wa nakshi na kumtaja fundi aliyeuchonga. Unaingia sebuleni kwenye vishubaka vya ukutani, vyenye sahani za Kichina. Kisha ukumbini, kwenye kiti cha enzi na msahafu ulioandikwa kwa mkono. Hapo ziara imekwisha, watu wanakunywa kahawa. Chumba cha ndani kabisa hakikuonyeshwa, ni cha wenyewe kulala.

Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilikuwa nimeolewa nikaachika mapema, nikarudi kwetu ningali msichana. Usiniulize sana kwa nini. Mume alisema mdomo wangu haulali, na kusema kweli hakunisingizia.

Ndipo vikaja vita vya Maji Maji. Wamatumbi walikataa kulimishwa pamba kwa viboko, wakainuka, na Wadachi, hao mnaowaita Wajerumani, wakawapandia milimani na bunduki na mizinga. Vijiji vilichomwa. Waliokamatwa waliletwa Kivinje wakanyongwa, na sisi wa mjini tulifunga madirisha tusione. Katikati ya balaa hiyo babu yangu akashikwa na homa akafa. Baba yangu alikuwa Lindi kwa biashara, njia zimefungwa, hakuweza kurudi. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, mimi na bibi yangu Somoe, naye bibi akaingia eda.

Vijana wa leo eda mnaijua jina tu. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai nguo ya kupendeza, hatii wanja, hajipaki manukato wala hafukizi udi. Na mwanamume yeyote asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamwoni. Bibi alikaa katika chumba kile cha ndani, amevaa kaniki, shuka yake nyeusi, na mji mzima ulijua kwamba yumo.

Siku moja asubuhi nilikwenda uani kuchota maji nikamkuta mtu amelala nyuma ya rundo la kuni. Alikuwa Matimbwa. Huyu mama yake alikuwa Mmatumbi aliyefariki akijifungua mjini kwetu, na bibi akamnyonyesha pamoja na baba yangu. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa bibi wa ziwa, sawa na wa kumzaa. Alikuwa amepigana na Wadachi huko milimani, akapigwa risasi ya paja, na jeraha lilikuwa limeshaanza kuoza. Nilimkokota hadi ndani. Bibi alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akashuka mkekani, akaniambia nikachemshe maji.

Tulijua vizuri tunachokifanya. Akionekana, kamba ni yake, na mwenye nyumba pia hatapona. Lakini tulikuwa na kinga moja. Chumba cha mjane wa eda hakuna mwanamume wa Kivinje ambaye angethubutu kukifungua.

Haikupita muda akaja Akida Shomari. Huyu alikuwa mtu wetu wa pwani, Mwislamu, tumecheza na dada zake, lakini alikuwa akiwatumikia Wadachi, na mimi nilikuwa simpendi hata kumwona. Alisimama barazani akasema bwana mkubwa wa boma amepata wageni walioshuka melini, mzee mmoja mpenzi wa vitu vya kale pamoja na mkewe. Wameisikia sifa ya nyumba yetu. Wanakuja leo, baada ya adhuhuri, na nimtafute mtu wa kuwatembeza. Nikamwambia nyumba ina msiba. Akasema anajua, na kwamba bwana mkubwa hakumtuma kuomba.

Nilirudi ndani mbio. Nikamwambia bibi kwamba nitawaambia kile chumba ni stoo, au ufunguo umepotea, au kimeingia nyoka. Bibi akaninyamazisha. Alisema nisitie uongo hata mmoja, kwa sababu nikiongopa mara moja itanibidi niongope tena, na mimi mdomo wangu ukianza haujui kusimama. Niwaonyeshe vyote ninavyoonyesha siku zote, nikifika mlangoni niseme kweli, kwamba ndani mna mjane wa eda, basi.

Tukafagia. Tukatandika mazulia. Harufu ya lile jeraha ilikuwa imefika hadi ukumbini, na mgeni yuko njiani, basi tukafanya kile ambacho nyumba yoyote ya pwani hufanya mgeni akija: tukatia makaa kwenye chetezo, tukafukiza udi, na mwingi zaidi tukakifukizia chumba cha ndani. Mikono ilifanya kwa mazoea. Hakuna kati yetu, si mimi wala bibi mwenyewe, aliyefikiri.

Wakaja. Bwana mkubwa mbele, buti zake hakuvua. Yule mzee mgeni nyuma yake na miwani, akishikashika kila kitu. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho makali, anayetaka kujua. Akida Shomari alivua viatu akavishika mkononi. Nikajitanda kanga yangu nikaanza. Nilisema habari za mlango na fundi wake, na bwana mkubwa, aliyejua Kiswahili cha kuamrisha, akawatafsiria wenziwe. Nilisema habari za sahani, moja baada ya moja, nikavuta maneno kadiri nilivyoweza. Kila nikinyamaza nilisikia, au nilidhani nasikia, Matimbwa akikoroma kwa homa nyuma ya ukuta, nami nikaongeza sauti.

Tukafika ukumbini. Yule mzee akaketi juu ya kiti cha enzi bila kuombwa, akafurahi kabisa. Mimi nilikuwa namtazama akida. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa ndani, na nikaona pua yake inatikisika. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akageuka akanitazama, na hapo ndipo akili yangu iliponirudia, nikataka ardhi ipasuke nizame. Chumba cha mjane wa eda kinanukia udi. Mdachi hawezi kulitambua hilo hata akae Kivinje miaka mia. Lakini mtu wa kwetu analijua tangu utotoni.

Akida akaniuliza polepole, kwa sauti ya mimi na yeye, "Eda ya bibi yako imekwisha?"

Nikamjibu, "Bado."

Alitazama chini kwenye viatu vyake alivyovishika. Nilijua roho ya Matimbwa, ya bibi na yangu zote zimo kinywani mwa mtu yule, na sikuwa na la kufanya.

Bwana mkubwa akauliza mlango ule unakwenda wapi. Nikasema kweli kama nilivyoagizwa: ndani yumo mjane, yuko katika eda, wanaume hawaingii. Akawatafsiria wageni. Mzee akaitikia kwa kichwa, akawa tayari kuondoka, nami nikaanza kushusha pumzi. Lakini yule mkewe akasema maneno, bwana mkubwa akacheka, akaniambia, "Mama huyu ni mwanamke. Yeye anaingia."

Mwanangu, hilo hatukuwa tumelipigia hesabu. Na ni kweli, wanawake huingia kwa mjane kutoa pole, siku za kwanza za msiba mji mzima waliingia. Ningesema nini? Nikasema ni mgonjwa. Nikasema amelala. Maneno yakanitoka hovyo, na bwana mkubwa uso ukaanza kubadilika, kwa sababu mtu aliyezoea kuamrisha huijua haraka sauti ya mwenye hofu. Yule mwanamke alikuwa ameshapiga hatua, mkono wake uko kwenye komeo.

Mlango ukafunguka kutoka ndani.

Bibi Somoe akatoka. Alijipenyeza kwenye upenyo mdogo, akaurudisha mlango nyuma yake na kuuegemea. Alikuwa na kaniki yake, kichwa wazi, nywele nyeupe zimetawanyika, mwanamke ambaye hata katika ujana wake wanaume wa mji hawakuwahi kuuona uso wake. Akasimama mbele ya wanaume watatu wa mbali, katikati ya eda yake, mchana kweupe.

"Mlitaka kumwona mjane," alisema. "Ndiye mimi. Sasa mmemwona."

Yule mwanamke wa Kidachi alirudi nyuma, na nadhani aliona haya. Mzee mgeni akavua kofia. Akida Shomari akageuka uso akauelekeza ukutani, kama mtu aliyepigwa kofi, akabaki hivyo hivyo. Na akiwa ameuelekea ukuta akamwambia bwana mkubwa kwamba jambo lililofanyika ni zito mno. Wenye mji wa Kivinje hawakujiunga na vita, lakini wakisikia wajane wao wanatolewa nje watazamwe, yeye akida hataweza kudhamini watafanya nini. Heri waondoke sasa hivi, tena kimya.

Bwana mkubwa alimtazama bibi, akamtazama akida. Kisha akapiga buti zake wakatoka wote. Akida alikuwa wa mwisho. Alipokuwa akivaa viatu barazani aliniambia bila kunitazama, "Wanaokwenda shamba wanaondoka kesho alfajiri. Na huo udi uzimeni."

Basi. Alfajiri wanawake wa shamba wakatoka mjini na mizigo yao kichwani, na katikati yao alikuwamo mmoja mrefu, kaniki gubigubi, anachechemea. Matimbwa alipona. Alikuja kuwa na wake na watoto, na baadhi yao ndio hao unaowaita wajomba. Akida sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile. Kwa nini alinyamaza, sijui. Nimemwombea dua kila nilipomkumbuka, mimi niliyekuwa nikimtemea mate akipita.

Lakini sijafika kwenye nilichokuitia. Mjini habari zilienea, maana wapishi na watumishi wa boma nao wana midomo. Ikasemwa kwamba Somoe ametoka katika eda yake akajionyesha kichwa wazi mbele ya Wadachi. Wengine wakasema kwa mapenzi yake, wengine wakasema alipewa zawadi. Wanawake wakaacha kuja. Bibi aliyekuwa akialikwa kuwafunda wari wa mji mzima, hakualikwa tena. Eda ilipokwisha, tulikwenda matangani mahali fulani, na alipoketi, waliokuwa kwenye jamvi lile wakainuka mmoja mmoja wakahamia jingine. Mimi damu ikanichemka. Nikasimama katikati ya wanawake wale nikafungua mdomo niwaambie yote, niwaambie kilichokuwamo ndani ya chumba kile, waone haya wafe.

Bibi alinivuta kanga nikaketi kwa kishindo. Tuliporudi nyumbani alikaa kitandani, akaniambia nimtazame.

"Heshima ile ni yangu," alisema, "nami nimeitoa kwa hiari yangu. Uhai wa Matimbwa si wako, usiutoe wewe kwa ajili ya kunisafisha mimi."

Nikalia. Nikamwambia wanamwita mwanamke asiye na haya. Akasema anajua wanavyomwita, masikio anayo. Mungu anajua kwa nini alitoka, na mwanawe anatembea, na hayo yanamtosha. Vita bado havijakwisha, kamba bado zipo.

Hata vilipokwisha hakusema. Wadachi waliendelea kukaa, na akida alikuwa na watoto. Bibi Somoe alifariki Wadachi wangali wanatawala, na waliomzika walikuwa wachache, mwanangu, wachache mno kwa mtu kama yeye. Mimi, ambaye mdomo wangu haulali, nimeulaza mpaka leo. Sasa Matimbwa ametangulia, akida ametangulia, Wadachi wameondoka. Hakuna wa kudhurika. Ndiyo maana nimekuita.

Basi nisikilize. Utakapowatembeza wageni, waonyeshe mlango wa nakshi, waonyeshe vishubaka, wasifie sahani kadiri wanavyotaka. Lakini usidhani nyumba ni vitu vyake. Mwenye kuonyesha nyumba amekabidhiwa watu waliokaa humo, walio hai na waliokufa, na si kila aulizalo mgeni linastahili kujibiwa siku ile ile. Jua la kusema na wakati wa kulisema. Ukiona mtu anasemwa vibaya na hajitetei, usikimbilie kumsema nawe. Huenda kuna mtu amemficha nyuma yake. Na ukijua siri iliyobeba uhai wa mtu, kaa nayo hata ikuchome.

Halafu ukifika kwenye mlango wa chumba cha ndani, simama. Kuna wajukuu wa wale walioinuka kwenye jamvi, nao watakuja kutazama. Waambie wote wasikie kwamba hapa alitoka Somoe, katika eda yake, kichwa wazi, ili mtoto wake asinyongwe. Sema jina lake kwa sauti. Mimi nilikatazwa. Wewe hujakatazwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi wenye kweli na kifua cha kuhifadhi, akukinge na jicho baya na neno baya, na siku ya shida yako akupe mtu wa kukufungulia mlango, aliye tayari kuuegemea kwa mgongo wake. Amin.