Risasi Zangu Kwenye Karatasi ya Marehemu

Hata mke wangu sijawahi kumsimulia hili, na mkinicheka nitawaelewa, maana mimi, mwanaume mzima niliyekuwa nalinda malori ya nyaya za shaba hapa Johannesburg, nilipiga magoti mbele ya walinzi thelathini nikamwomba msamaha mtu aliyekwisha kuzikwa.

Ilikuwa baridi ya mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Jioni moja tulikuwa tunasubiri mtihani wa shabaha wa kesho yake, na atakayeongoza angepewa ukubwa wa kikosi (nao nilikuwa nautaka sana), sasa mimi nikaona bunduki yangu imepasuka pale mbele pa kushikia, na stoo kulikuwa na bunduki ya Innocent, Mrundi mwenzangu tuliyepanga naye chumba kimoja Berea, ambaye majambazi walimuua miezi mitatu nyuma lori liliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Yake ilikuwa na mshikio wa chuma, mzuri, wenye reli ya kufungia darubini. Vipande hivi si vinavuliwa na kuvikwa kama viatu? Mama Nzigire, Mkongo wa Bukavu aliyeshika funguo za stoo, akanishika mkono.

"Weye, acha ile kitu. Ni ya mufu."

Nikacheka, nikaufunga mshikio ule kwenye bunduki yangu, nikahamishia darubini juu yake, nikajiona sharp.

Asubuhi, uwanja ulio nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi ulikuwa umemezwa na ukungu, karatasi za shabaha zikionekana nusunusu kama watu waliosimama wakisubiri. Mimi nilikuwa namba sita. Namba saba, alipokuwa akisimama Innocent, hakuna aliyetaka kusimama, lakini karatasi yake ilikuwa imetundikwa kama zote.

Nikapiga tano. Mkufunzi wetu, Bwana Mokoena, alikuwa anatazama kwa darubini yake kubwa.

"Namba sita, mbona hupigi?"

"Napiga, bosi!"

"Karatasi yako haina tundu." Akaisogeza darubini kidogo. "Eish. Saba yuko nani?"

Nikalenga tena, kifuani kabisa pa karatasi ya sita, nikabana pumzi, nikavuta.

"Saba tena," Mokoena akasema, polepole, kama anaogopa kusikika.

Basi nikaiweka bunduki chini, nikapiga magoti, nikaanza kulia kwa Kiswahili (nikidhani wachache watanielewa, kumbe nusu ya kikosi ni Wakongo na Warundi): Innocent ndugu yangu, nisamehe, siku ile sikuwa na homa, nilikudanganya unishikie zamu ili niende harusini Yeoville, zamu ile ilikuwa yangu, kifo kile kilikuwa changu!

Ukungu ule ukaimeza sauti.

Mokoena akaiokota bunduki, akaitoa risasi, akautikisa mshikio kwa vidole viwili. Ukacheza, na darubini juu yake ikacheza nao.

"Ulipobadilisha hiki, uliirekebisha darubini upya? Ulipiga hata risasi moja ya kujaribu?"

"Hapana, bosi."

"Basi ulikuwa unatazama huku, mtutu unatazama kule."

Wengine wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Elie hakucheka. Elie ni mdogo wake Innocent, alikuwa amesimama namba tisa, na alikuwa amesikia kila neno.

"Harusi ya nani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akatembea ndani ya ukungu mpaka kwenye karatasi ya saba, akaibandua, akaikunja mara nne akaitia kifuani, akaondoka uwanjani bila kumaliza mtihani wake. Mpaka leo hajanisemesha.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukigusa chochote kinachobeba darubini, piga kwanza risasi za kujaribu kabla hujaiamini. Na kama una neno la kumwambia ndugu wa marehemu, mfuate mchana nyumbani kwake, ukae naye, umwambie. Mimi nilichelewa.