Kumi Chini ya Tisa

Binti yangu Ilinca alijifunza alama ya "kubwa kuliko" mezani pangu, hapa Huși, mji mdogo wa Romania, kwa plamu. Nilipanga mafungu mawili, naye akaweka vijiti viwili katikati, mdomo wazi ukielekea fungu kubwa. Niliishia darasa la nane, lakini hilo nililiweza.

Alikua akawa mwandishi wa programu katika kampuni ndogo mjini Vaslui. Ni mtu wa kimya, hula amesimama. Nikisikia ufunguo unavyogeuka mlangoni, najua siku yake ilikuwaje.

Mwaka ule aliiandikia shule moja ya sekondari programu ya kugawa vitanda vya bweni. Programu ililinganisha wastani wa alama za wanafunzi, moja hadi kumi, ikawapanga wa juu kwanza. Vitanda vilikuwa arobaini. Orodha ilibandikwa mlangoni kwa namba tu, bila majina wala alama, na aliyekataliwa alipewa siku mbili za kukata rufaa.

Siku ya kwanza alikuja Otilia, tuliyekua naye kijijini. Bintiye Anița alikuwa amekataliwa, na bila bweni hakuna shule, maana basi la kwanza kutoka kwao hufika mjini saa nne. Alitaka kujua kama aandike rufaa.

"Mtoto ana kumi," alisema. "Juu ya kumi kuna nini tena?"

Nilimpigia Ilinca kazini. Nilisikia vidole vyake vikiendelea kugonga kibodi.

"Mama, siku hizi kila mtu ana kumi. Wamejazana huko. Mwambie asijisumbue."

Nikamwambia. Otilia akakunja cheti cha mtoto, akarudi zake.

Siku ya nne Ilinca aliingia na viatu mpaka jikoni. Alikuwa ameifungua orodha mwenyewe. Wenye kumi walikuwa watatu tu, na wote walikuwa mkiani.

Alinieleza akiwa ameegemea friji. Zile alama aliziacha zimehifadhiwa kama maandishi, hakuzigeuza kuwa namba. Basi mashine ilizilinganisha kama maneno ya kamusi, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza. Kwenye kumi, yaani 10, ilikuta moja, kwenye tisa ikakuta tisa. Moja ni ndogo, ikaishia hapo.

"Hata mwenye mbili angempita Anița," alisema.

Walikuwa wameijaribu kwa wanafunzi wa kubuni, ila hakuna aliyepewa kumi. Bosi wake, Cezar, alisema waweke alama za watu wa kawaida. Kumi anapata nani? Sasa Cezar huyohuyo akamwambia arekebishe kwa ajili ya mwakani, kwa kuwa rufaa zimefungwa na vitanda vina wenyewe.

Nami nilimwambia, "Nyamaza, mwanangu. Kazi utaipata wapi tena?"

Akanyamaza, kwa sababu yangu.

Septemba Otilia alituletea jamu ya cheri. Alikuja kushukuru kwamba tulimwepusha kuhangaika na makaratasi bure. Anița, alisema, anajifunza kushona kwa fundi wa pale kijijini, na mkono anao.

Ilinca aliweka kijiko chini, akamweleza yote. Otilia alisikiliza bila kumkatiza.

"Kurekebisha kulichukua muda gani?"

"Dakika moja, shangazi. Nilibadilisha mstari mmoja."

Otilia hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua lini?"

Nilianza kukusanya vijiko. Alichukua chupa yake ya jamu, iliyokwisha funguliwa, akatafuta kifuniko, akakikaza vizuri, akatoka.

Ilinca bado yuko kazini palepale. Kila programu mpya huijaribu kwanza kwa mwanafunzi wa kubuni mwenye kumi, na jina anampa lilelile, Anița. Niliwahi kumwomba aache. Aliniuliza kunyamaza kulimsaidia nani.

Siku za soko Otilia hapiti tena mtaa wetu. Huzunguka kwa nyuma ya kanisa, na mfuko wake mzito, hata mvua ikinyesha.