Nusu ya pili ya kitabu chetu ilibaki Kutus

Wakuu, mko salama? Naona humu watu wanaulizana kila siku, "nisome nini nikichoka na zile hadithi zangu?" Nimekuwa nikipita kimya kimya. Leo acha niseme yangu. Sitaongeza chumvi, hata ningetaka sina nguvu.

Mimi ni msusi hapa Majengo, Nyeri. Miaka yote nilikuwa msomaji wa romance pekee. Msichana maskini, mwanaume tajiri, wanagombana, wanaoana, kwisha. Ukinipa kitu kingine naona kama umenipa homework.

Aliyenitoa huko ni Wambui. Alikuwa anapika mandazi mlangoni pa salon yangu. Mdomo kama wembe, huyo. Siku moja akaangalia ninachosoma akasema, "Nyambura, wewe umesoma kitabu moja mara mia. Ni majina tu wanabadilisha."

Nilikasirika. Lakini ilikuwa ukweli.

Tukaweka sheria. Kuna jamaa anamwaga vitabu vya mitumba kwa turubai karibu na soko. Wiki hii nachagua mimi, ijayo yeye, na mwenzake lazima asome bila kununa.

Hivyo ndivyo nilijikuta nasoma za upelelezi, ambazo Wambui alikuwa anamjua muuaji kabla ya polisi. Za mizimu. Maisha ya wanajeshi. Hata science fiction moja ya watu wanafuga kuku huko juu angani. Ati kuku! Na nililia kwa hiyo ya kuku, sikudhani.

Sasa hapa wapenda vitabu mtanilaani. Kitabu kikiwa kinene tulikuwa tunakipasua. Ndio, katikati, kwa kile kisu cha kukatia unga wa mandazi. Aliyetangulia akimaliza nusu ya kwanza anakupatia, yeye anaendelea na ya pili. Hakuna kungojana.

Kitabu cha mwisho alichagua yeye. Wakati huo alikuwa anaumwa na tumbo, amekonda, anasema ni ulcers. Nilishangaa kwa sababu hakikuwa cha polisi. Kilikuwa cha msichana wa nchi fulani ya baridi, anaugua, anaacha mama yake na ng'ombe anaenda mjini kutafuta daktari.

Nilidhani amechoka tu na wauaji.

Halafu hospitali wakasema si ulcers. Ni cancer, na imeenea. Hiyo sehemu mnisamehe, sitaieleza.

Ndugu zake wakamchukua wakampeleka Kutus kwa mama yake. Nusu ya kwanza alikuwa ameniachia, ya pili akaitia kwa mkoba. "Nikimaliza nitakutumia na wale wanaoleta mchele wa Mwea huko Nyeri," akasema. "Na usiniharakishe."

Nilikuwa nampigia simu jioni. Sauti ikawa inapungua. Nikimuuliza kama yule msichana alipona, ananijibu, "Wacha uchoyo. Utasoma mwenyewe."

Hakutuma. Alituacha asubuhi moja nikiwa na customer, nimesuka nusu ya kichwa. Nilimaliza hizo braids nikilia, na yule mama wa watu akanishikia chanuo.

Siku ya mazishi nilifika Kutus mapema kusaidia jikoni. Nikakuta akina mama wanawasha moto wa zile sufuria kubwa. Mmoja anachana karatasi anasukuma chini ya kuni. Karatasi zina madoa ya mafuta ya mandazi.

Nilijua hata kabla sijasoma neno moja.

Sina wa kulaumu. Waliona kitabu hakina kava, hakina mwanzo, kimeanzia katikati ya sentensi. Nani angejua kina mwenyewe? Na utafanya nini, upige kelele kwa mazishi juu ya karatasi? Nilichukua kisu nikaanza kumenya viazi. Nililia hapo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Watu walipotawanyika nikamwambia mama yake. Akashika kichwa. "Uui! Kumbe ilikuwa na mwenyewe?" Halafu akanivuta kwa mkono. "Lakini hiyo hadithi naijua, mami. Alinisomea hadi mwisho."

Mama hajui Kizungu. Wambui alikuwa analala hapo kitandani, anasoma Kizungu kwa macho, anamwambia kwa Kikuyu. So tukaketi. Mimi nikamsimulia nusu ya kwanza, ambayo hakuwahi kuisikia, naye akanimalizia.

Akaniambia msichana alipata daktari mzuri, akapona, akarudi nyumbani. Akamkuta mama yake anakamua. Akachukua ndoo, akamsaidia.

"Hapo kwa ndoo nilikuwa namwambia anisomee tena na tena," mama akasema. Na alikuwa anatabasamu, wakuu. Siku amezika mtoto wake.

Miezi ikapita. Nikiwa soko ya Karatina nikakiona, kizima, kati ya vitabu vya mapishi. Nikarudi nacho Majengo, nikafunga salon mchana peupe, nikasoma.

Msichana hakupona. Hakurudi nyumbani. Mama yake anapata habari akiwa shambani. Ndoo haiko mahali popote.

Ule mwisho wa mama, Wambui aliutunga wote. Akiwa na maumivu hayo yote, anaangalia page inasema kitu kimoja, mdomo unamwambia mama yake kingine. Ule mwisho wa kweli aliusoma peke yake. Hiyo ndiyo inaniua. Tulisoma kila kitu pamoja, mizimu, kuku, yote, lakini hiyo akaisoma peke yake.

Nilichojifunza? Soma hata kile usichokipenda, kitakufungua macho. Na rafiki yako akibadilisha ghafla vitabu anavyosoma, muulize anatafuta nini humo ndani.

Jumapili mama yake alinipigia. "Nyambura mami, ulipata ile kitabu?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikasema nimepata.

Alifurahi hadi akaita majirani. Ananingoja Kutus, nikamsomee pale kwa ndoo.

Nitaenda, na nitamsomea hiyo ndoo, vile Wambui alimsomea. Sasa wale mmewahi kumsomea mzazi wakati kama huu, nawaomba, niandikieni hapo chini: mnafanyaje sauti isikatike?